Kuunda Chama cha Wakazi Kabla Maghorofa Hayajafika Mlangoni: Mwongozo kwa Mitaa ya Nairobi

Bango la kuomba kibali cha kujenga huwa dogo. Katika mtaa wetu, ulioko magharibi mwa Nairobi, lilifungwa kwa waya kwenye ua wa miti upande ambao hakuna anayepita kwa miguu, na mvua ya Aprili ikalilowesha mpaka wino ukafifia. Aliyeliona kwanza alikuwa kijana anayeosha magari kando ya barabara, naye alidhani ni tangazo la nyumba ya kupangisha. Tulipolisoma vizuri, lilisema kwamba mwenye kiwanja anaomba kibali cha kujenga jengo la ghorofa 14 mahali palipokuwa na nyumba moja ya chini, na kwamba mwenye pingamizi aliwasilishe kwa maandishi ndani ya siku 14. Siku 11 zilikuwa zimekwisha kupita. Katika siku 3 zilizosalia, majirani ambao walikuwa hawajawahi hata kusalimiana walitakiwa wakutane, wakubaliane, waandike barua, waitie saini na kuifikisha City Hall. Hatukuweza, na jengo lile sasa limesimama.

Kwa hiyo shauri la kwanza la mwongozo huu ni kwamba chama cha wakazi kiundwe wakati ambapo hakuna bango lolote mtaani. Haki za mkazi zimo katika sheria za Kenya na ni pana kuliko watu wengi wanavyodhani, lakini karibu kila mojawapo imefungiwa ndani ya idadi fulani ya siku, na siku hizo hazitoshi kujenga uaminifu kati ya watu wasiojuana. Maelezo yanayofuata yanahusu hasa mitaa kama Kileleshwa, Kilimani, Lavington na Westlands. Wakazi wa Nyali au wa Milimani kule Kisumu watatumia sheria zile zile za kitaifa, ila itawabidi waangalie kanuni za kaunti zao.

Hatua ya kwanza: kubalianeni mnachotetea

Kabla ya kuitisha mkutano, watu watatu au wanne wakae na kuandika kwenye ukurasa mmoja tatizo ni lipi hasa. Sentensi ya “hatutaki maghorofa” haitawafikisha mbali, kwanza kwa sababu si hoja ya kisheria, na pili kwa sababu jiji linahitaji nyumba na kila ofisa atakayeisoma anajua hivyo. Wengi wetu tunaolalamika leo tunaishi katika majengo ambayo majirani wa zamani waliyalalamikia. Tatizo linaloweza kupimwa ni jengo kuwa kubwa kuliko bomba la maji, mfereji wa majitaka na barabara vinavyolihudumia.

Chukueni mfano wa kiwanja cha nusu ekari chenye nyumba moja ya watu 5. Likijengwa hapo jengo la ghorofa 12 lenye nyumba 8 kila ghorofa, zitakuwa nyumba 96. Mkikadiria watu 3 kwa kila nyumba, ni watu 288, na mkikadiria lita 100 za maji kwa mtu kwa siku, ni lita 28,800 kila siku, yaani karibu malori matatu ya boza ya lita 10,000, katika mtaa ambao huenda unapata maji ya mfereji kwa mgao. Sehemu kubwa ya maji hayo hutoka tena yakiwa majitaka na kuingia katika bomba lililolazwa kwa ajili ya nyumba za bustani. Mwongozo wa kanda za ujenzi wa Nairobi wa mwaka 2004 uliziweka Kilimani na Kileleshwa katika Kanda ya 4, ambako nyumba za ghorofa ziliruhusiwa kufika ghorofa nne tu, tena penye mfereji wa majitaka. Majengo yanayoombewa vibali siku hizi hupita kiwango hicho mara tatu au zaidi. Hesabu ya namna hii haimtusi mtu yeyote, nayo humlazimu anayeisoma kuijibu kwa hesabu.

Hatua ya pili: chora mpaka, kisha piga hodi

Mpaka wa chama ufuate miundombinu, usifuate hadhi za nyumba. Wote wanaotumia mfereji mmoja wa majitaka, barabara moja ya kuingilia na transfoma moja wana shida moja, hata kama upande mmoja una nyumba za kifahari na upande wa pili una vyumba vya wafanyakazi. Chukueni ramani ya setilaiti ya mtaa, muichape kwenye karatasi kubwa, kisha mhesabu viwanja kimoja kimoja.

Kazi inayofuata ni ya miguu. Watu wengi hutaka kuanza kwa kikundi cha WhatsApp, na kikundi kitahitajika, lakini kikundi kisichotanguliwa na watu kuonana uso kwa uso hugeuka upesi kuwa uwanja wa kutafuta fundi wa mabomba na kulaumiana kuhusu mbwa. Pigeni hodi wawili wawili, ikiwezekana mwanamke na mwanamume, jioni ya siku ya kazi au Jumapili baada ya ibada. Andikeni jina, namba ya nyumba, namba ya simu, na kama mtu huyo ni mwenye nyumba au mpangaji, mkimweleza wazi kwamba orodha itatumika kwa shughuli za chama pekee, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu hata ninyi.

Wapangaji waingizwe tangu siku ya kwanza wakiwa wanachama kamili. Vyama vingi huwaacha nje kwa hoja kwamba watahama, lakini ndio wengi mtaani, na chama cha wenye hati miliki peke yao ni rahisi kuitwa kilabu cha matajiri. Walinzi wa malango, mama mboga wa kona ile na waendesha bodaboda wa stejini huenda wasilipe ada, lakini wao ndio huona lori la mashine ya kuchimba linapoingia saa 11 alfajiri. Wapeni namba ya katibu.

Hatua ya tatu: mkutano wa kwanza

Mkutano uwe na ajenda fupi iliyosambazwa siku 7 kabla: kwa nini tumekutana, mipaka ya chama, kamati ya muda, ada, na tarehe ya mkutano wa kupitisha katiba. Mtu mmoja aandike kumbukumbu tangu neno la kwanza. Karatasi ya mahudhurio izungushwe na kutiwa saini, kwa sababu itakuja kuombwa wakati wa usajili na huenda ikaombwa tena mkitakiwa kuonyesha mnamwakilisha nani.

Jitayarisheni kwa swali gumu kuliko yote, ambalo kwetu liliulizwa na mzee mmoja aliyekaa mtaani kwa zaidi ya miaka 30. Alisimama akiegemea mkongojo wake, akasema, “Mimi nimezeeka, na watoto wangu wako ng’ambo. Mwaka ujao nauza. Mkizuia ghorofa, mnapunguza bei ya kiwanja changu. Hilo mmelifikiria?” Ukumbi ulinyamaza. Mwenyekiti wa siku ile, mama mmoja aliyekuwa mwalimu, alimjibu kwa upole: “Mzee wetu, hatukuzuii kuuza. Tunataka atakayenunua ajue mapema ni ghorofa ngapi mfereji huu unaweza kubeba, ili asije akamlaumu aliyemuuzia.” Mzee hakuridhika kabisa, lakini alijiandikisha. Msimfukuze mtu wa aina hiyo wala kumzomea, maana ana haki yake. Mnachohitaji ni kifungu katika katiba kinachosema kwamba mwanachama mwenye maslahi ya kifedha katika mradi unaojadiliwa ayataje, na asipige kura kuhusu mradi huo wala kushika barua zake.

Hatua ya nne: katiba ya chama na usajili

Ibara ya 36 ya Katiba ya Kenya inampa kila mtu haki ya kujiunga na chama, lakini ofisi za serikali, benki na mabaraza ya rufaa hupenda kuona cheti. Njia ya kawaida ni Sheria ya Vyama, Sura ya 108, inayohusu vyama vya watu 10 au zaidi, na maombi hupelekwa kwa Msajili wa Vyama. Ipo pia Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 kwa vikundi vidogo vya mashinani, na wapo wanaochagua kampuni yenye dhamana isiyo na hisa (company limited by guarantee), hasa wakitarajia kumiliki mali. Zingatieni tofauti moja: chama kilichosajiliwa chini ya Sura ya 108 si mtu wa kisheria kama ilivyo kampuni, kwa hiyo kikienda mahakamani huenda kupitia viongozi wake, na majina yao huandikwa kwenye kesi. Anayekubali uenyekiti aelezwe hilo kabla ya kuchaguliwa.

Katiba ya chama isizidi kurasa 8. Itaje madhumuni, mipaka, wanachama, ada, akidi ya mkutano, muda wa viongozi kukaa madarakani, na jinsi ya kuwaondoa. Wekeni pia kifungu ambacho katiba nyingi za kunakili hazina: kamati iwe na mamlaka ya kuwasilisha pingamizi ndani ya saa 72 bila kuitisha mkutano mkuu, mradi itoe taarifa kwa wanachama siku hiyo hiyo. Bila kifungu hicho, siku 14 zitaliwa na ilani ya mkutano.

Kuhusu fedha sina mengi. Fungueni akaunti ya benki yenye watia saini watatu ambao hawatoki nyumba moja, pokeeni ada kwa njia ya simu inayoingia moja kwa moja kwenye akaunti hiyo, na mwekahazina asome taarifa kila robo mwaka hata kama salio ni shilingi elfu mbili.

Hatua ya tano: zamu ya mabango na kalenda ya siku

Hapa ndipo chama hufa au huishi. Gaweni mtaa katika vipande, na kila kipande kiwe na mtu anayekipitia kila Jumamosi akitazama malango, ua na nguzo. Akiona bango, alipige picha mbili, moja ya karibu inayosomeka na moja ya mbali inayoonyesha mahali lilipo, kisha azitume kwa katibu siku hiyo. Picha ya mbali huthibitisha kama bango liliwekwa mahali panapoonekana au lilifichwa, na hilo peke yake laweza kuwa hoja.

Mabango yako ya aina kadhaa, na watu huyachanganya. La kwanza ni la ombi la kibali cha kujenga au kubadilisha matumizi ya ardhi, ambalo linatokana na Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Kifungu cha 58 kinamtaka mwombaji aujulishe umma na kualika pingamizi. La pili linahusu mazingira: miradi mikubwa huhitaji ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira inayopelekwa NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, na tangazo lake hualika maoni kwa muda uliotajwa ndani yake. La tatu ni la ujenzi wenyewe, likiwa na majina ya mwanakandarasi na wataalamu pamoja na usajili wa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA. Mkiliona hili la tatu bila kuwahi kuona yale mawili, andikeni siku hiyo hiyo.

Katibu awe na daftari la tarehe. Chini ya kifungu cha 58, ombi lisilojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60 huhesabiwa kuwa limekubaliwa, kwa hiyo ukimya wa kaunti si dalili njema kwenu. Chini ya kifungu cha 61, asiyeridhika na uamuzi ana siku 14 za kukata rufaa. Anayepinga leseni ya NEMA ana siku 60 za kukata rufaa. Andikeni tarehe hizi ukutani.

Hatua ya sita: kusanyeni ushahidi mkiwa mmetulia

Ushahidi mzuri huchukua miezi, na hauhitaji mtaalamu kuuanza. Mpeni mtu mmoja kazi ya kuandika siku ambazo maji ya mfereji yalifika na saa yalipokatika. Piga picha kila mfuniko wa majitaka unapofurika, pamoja na tarehe na mahali. Vijana wawili wakae kwenye makutano kuanzia saa 12 na nusu hadi saa 2 na nusu asubuhi kwa siku tatu za kazi, wahesabu magari. Kisha andikieni kampuni ya maji na majitaka ya jiji mkiuliza upana wa bomba la majitaka la barabara yenu na mzigo liliosanifiwa kubeba. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21, na ikikataa, mnaweza kulalamika kwa Tume ya Utawala wa Haki. Hata jibu la “hatuna takwimu hizo” lina thamani, kwa kuwa litaulizwa: kama hazipo, kibali kilitolewa kwa msingi gani?

Fanyeni upekuzi wa kiwanja husika kupitia Ardhisasa, mfumo wa serikali wa rekodi za ardhi mtandaoni, ili mjue masharti ya umiliki. Baadhi ya hati za kukodi ardhi hutaja kwamba kiwanja ni cha makazi ya familia moja, na mwekezaji hana budi kubadilisha sharti hilo kwanza.

Nyumba zinazopakana na kiwanja zipigwe picha ndani na nje kabla shimo la msingi halijachimbwa. Wekeni rula kando ya kila ufa uliopo, hata ule wa zamani unaowaaibisha, na mpige picha pamoja na gazeti la siku hiyo. Jirani yetu mmoja hakufanya hivyo, na ukuta wake ulipopasuka aliambiwa kwamba ufa ulikuwapo tangu enzi za babu yake.

Hatua ya saba: andikeni pingamizi

Barua iwe ya kurasa mbili pamoja na viambatisho. Ianze kwa namba ya kiwanja, namba ya ombi na tarehe ya bango, kisha chama ni nani na kina wanachama wangapi, kisha hoja, kila moja na ushahidi wake, mwisho mnachoomba. Aya ya hoja yaweza kusomeka hivi: “Ombi linakusudia nyumba 96 katika barabara yenye upana wa mita 6. Hesabu yetu ya siku tatu, iliyo katika kiambatisho B, inaonyesha kwamba foleni ya asubuhi tayari hufika lango la shule. Tunaomba mwombaji awasilishe tathmini ya msongamano wa magari kabla ya uamuzi.” Yasiwemo maneno juu ya tabia za watu watakaohamia, dini yao, wala uwezo wao wa kifedha.

Ongezeni sentensi mbili mwishoni. Moja iombe nakala ya uamuzi pindi utakapotolewa, kwa sababu zile siku 14 za rufaa huanzia kwenye uamuzi, nao hautabandikwa langoni kwenu. Ya pili itaje maombi mbadala: kama kibali kitatolewa, basi kiwe na masharti ya kupunguza ghorofa, kuacha nafasi zaidi kutoka mpakani, kupanua bomba la majitaka kwa gharama ya mwekezaji na kuweka maegesho ndani ya kiwanja. Pelekeni nakala mbili, na ile inayobaki kwenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Barua isiyo na muhuri ni sawa na isiyoandikwa. Mpeni nakala mwakilishi wadi pia, kwani bunge la kaunti hupokea malalamiko ya wananchi chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti.

Hatua ya nane: rufaa, kwa mpangilio wake

Kibali kikitolewa, hasira huwatuma watu moja kwa moja kwa wakili wa mahakamani. Subirini. Uamuzi wa kaunti hukatiwa rufaa kwanza katika kamati ya kaunti ya mipango na matumizi ya ardhi, ile inayojulikana ofisini kama Liaison Committee, kisha ndipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Leseni ya NEMA hukatiwa rufaa katika Jopo la Kitaifa la Mazingira, chini ya kifungu cha 129 cha sheria ya mazingira ya 1999. Kesi nyingi za wakazi zimetupwa kwa sababu ziliruka ngazi hizo. Katika mgogoro uliotoka Kibos, Kisumu, Mahakama ya Juu mwaka 2020 ilishikilia kwamba masuala yaliyopaswa kuamuliwa na jopo yapelekwe huko kwanza, na wakazi walikuwa wamekwisha kutumia miaka mahakamani.

Msidhani kwamba kufungua rufaa kunasimamisha ujenzi. Ombeni amri ya zuio waziwazi, siku ile ile. Ibara ya 70 ya Katiba inawafaa hapa, kwani anayetetea haki ya mazingira safi hahitaji kuonyesha kwamba amekwisha kupata hasara.

Wakati huo huo, milango ya mazungumzo isifungwe. Mwekezaji mwenye mkopo wa benki huogopa ucheleweshaji kuliko kelele, na wengi hukubali kupunguza ghorofa mbili au kuhamisha jenereta mbali na madirisha ya jirani. Nendeni watu watatu au zaidi, muandike kumbukumbu za kikao na pande zote mbili zitie saini. Pakitajwa “mchango” kwa chama au kwa kiongozi, kikao kiishe papo hapo na wanachama waambiwe jioni hiyo. Pesa za namna hiyo zimevunja vyama vingi kuliko hukumu za mahakama.

Hatua ya tisa: jengo likianza kupanda

Chama hakivunjwi kwa kushindwa rufaa. Kibali kina masharti, na mtu wa kuyafuatilia ni ninyi. Pateni nakala yake, mhesabu ghorofa kila mwezi, na mwandike daftari la kelele za usiku, vumbi, magari ya zege yanayoziba njia na majitaka yanayomwagwa barabarani. Kelele na mitetemo zina kanuni zake za mwaka 2009 zinazosimamiwa na NEMA. Malalamiko ya usalama wa eneo la ujenzi yapelekeni NCA. Lalamiko la ghorofa iliyozidi kibali lipelekeni kwa kaunti. Kila lalamiko liende kwa ofisi yake, kwa maandishi, na picha.

Jengo likikamilika, msimamizi wake (caretaker) apewe fomu 96 za uanachama. Wapangaji wapya watakuwa wa kwanza kukosa maji siku za mgao, na kiwanja cha pili yake huenda tayari kina mnunuzi.